Pima mavi kwanza: uzoefu wangu na mtambo wa biogesi wa mita 6

Kila mgeni anayepita jikoni kwangu anauliza yaleyale: hii gesi hainuki? Inawatosha? Mlilipa ngapi? Basi nimeona niandike mara moja. Nina mtambo wa biogesi, yaani gesi ya kupikia inayotokana na mavi ya ng'ombe, wa mita za ujazo 6, ile aina ya kuba la kufukiwa ardhini, hapa Arumeru upande wa mlimani. Mwaka wa tatu sasa unafanya kazi. Zizini nina ng'ombe wa maziwa wawili na mtamba mmoja, wote wa kulishwa ndani. Nyumbani tupo tisa, mama mkwe akiwemo.

Ukiniuliza kama ningejenga tena, ningejenga. Ila si kwa sababu walizonipa wauzaji, wala si kwa ukubwa walioutaka wao.

Kampuni ya kwanza iliyokuja kupima walikaa sebuleni, wakanywa chai, wakauliza tupo wangapi. Nilipowaambia tisa, wakaandika mtambo wa mita 13. Zizini hawakufika. Bei waliyotoa ilimfanya baba watoto anyamaze mpaka wageni walipoondoka. Wa pili alikuwa fundi mtu mzima, mwashi wa mitambo hii kwa miaka mingi, tuliyeelekezwa na jirani. Yeye hata kiti hakutaka.

"Mama, nionyeshe zizi kwanza."

"Hutaki kujua tupo wangapi?"

"Watu hawalishi mtambo. Niletee ndoo na mizani."

Tukapima mavi ya tangu jana yake, yakaja kama kilo 45. Hesabu aliyonipigia ukutani kwa kipande cha mkaa nimeiacha hapohapo. Mavi kilo 45 unayachanganya na maji lita 45, inakuwa kama lita 90 kwa siku. Kwa baridi yetu mchanganyiko huo unatakiwa ukae ndani kama siku 50 ili bakteria waumalize, kwa hiyo 90 mara 50 ni lita 4,500, yaani mita za ujazo nne na nusu. Ongeza nafasi ya gesi juu, unapata mtambo wa mita 6. Upande wa gesi, kilo moja ya mavi ya ng'ombe hutoa kama lita 40, na jiko moja linakula lita 300 hadi 400 kwa saa. Kilo 45 ni lita 1,800, sawa na saa tano hivi za moto mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wapo watu wana mitambo mikubwa na bado wanakata kuni. Shimo likizidi mavi, tope halipandi hadi kimo chake, gesi inakosa wa kuisukuma, na kwenye jiko unaona kijimwali cha kuchemshia kikombe cha maziwa. Na pesa ya saruji ndiyo imeshakwenda.

Kwa asiyejua unavyofanya kazi: mavi yanaingia upande mmoja, yanakaa gizani bila hewa, bakteria wanayala na kutoa gesi ambayo zaidi ya nusu yake ni methani. Ni tumbo la ng'ombe lililojengwa kwa matofali, na hata bakteria wenyewe wametoka humohumo tumboni, ndiyo maana mavi ya ng'ombe yanaanza kazi haraka kuliko taka nyingine. Gesi inajikusanya juu kwenye kuba na kulisukuma tope lipande kwenye chemba ya kutokea. Ukifungua koki, tope linarudi chini na kuisukuma gesi ije jikoni. Hakuna pampu wala umeme.

Huku kwetu si kitu kigeni. SIDO, shirika la viwanda vidogo, walileta ile mitambo ya pipa la kuelea ya Kihindi mwaka 1975, na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini pale Arusha, wakaanza kulifanyia kazi hili kuba miaka ya 1980 pamoja na Wajerumani. Mwaka 2009 ukaja mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani. Ukipita vijiji vya huku utakuta mitambo iliyojengwa kabla sijaolewa na bado inapika. Utakuta pia mingine imeota majani, na ukiuliza sababu, mara nyingi ni kwamba ng'ombe waliuzwa.

Ujenzi wenyewe sitausimulia wote, ila kuna jambo moja ambalo mnunuzi asilisinzie: plasta ya ndani ya kuba. Gesi inapenya mahali ambapo maji hayapenyi. Fundi wetu alipiga plasta juu ya plasta, akaiacha ikomae huku akiimwagia maji, kisha akapaka rangi ya kuzuia upenyo iliyochanganywa na saruji. Nilikuwa nachungulia kwa tochi kwenye tundu la juu na yeye yupo ndani anasugua, jasho linamdondoka puani. Baadaye akajaza maji, akaziba, tukaangalia saa ya presha jioni na tena asubuhi. Haikushuka. Kama fundi wako anataka kufukia kabla ya kipimo hicho, usimlipe hela ya mwisho. Na udongo wa juu ya kuba si urembo, ule uzito ndio unaozuia gesi isilipasue.

Kuuanzisha ndiko kulikonichosha. Mita 6 hazijazwi na ng'ombe watatu kwa wiki moja. Tulikusanya mavi, tukaomba kwa majirani, tukaleta na madumu ya tope kutoka kwenye mtambo unaofanya kazi ili kutia mbegu. Gesi ya mwanzo haikuwaka hata kidogo. Usiogope, ile nyingi ni hewa ya ukaa, unaifungulia itoke. Ila iachie nje kabisa, mbali na moto, na usiende kujaribu kiberiti kwenye tundu la mtambo, maana gesi ikichanganyika na hewa humo ndani inaweza kulipuka.

Tulipowasha kweli, mwali ulikuwa wa buluu, mdogo kuliko nilivyotarajia, hauna moshi. Mama mkwe alikataa. Alisema hali chakula kilichopikiwa mavi. Kwa muda akawa anapikiwa loshoro yake kwenye mafiga nyuma ya nyumba, mpaka msimu wa mvua ulipoloanisha kuni zote, akaingia mwenyewe jikoni, akakaa, akasema ndani hamna moshi. Mafiga sasa tunayatumia tukiwa na shughuli.

Moto wake ukoje? Kwa chai, wali, mboga, mtori, hauna shida. Ugali wa watu tisa unataka sufuria pana na uvumilivu, kwa sababu mwali wa biogesi hauna nguvu ya mtungi. Makande ndiyo adui: ukiweka maharage makavu na mahindi, yatamaliza gesi ya siku nzima na bado yagume. Mimi nayaloweka usiku kucha na kuyachemsha mchana wakati mtambo umejaa. Jiko letu lina pleti mbili lakini zikiwaka zote presha inashuka upesi, kwa hiyo kwa kawaida moja inapumzika. Tulikuwa tunamaliza gunia mbili za mkaa kwa mwezi, kuni mbali. Sasa gunia moja linakaa mpaka nasahau limewekwa wapi. Lakini mtungi mdogo wa gesi sijauuza, na anayekuahidi kwamba hutauhitaji kamwe hajakaa huku mwezi wa saba.

Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Meru inashuka na gesi inapungua kabisa, kwangu karibu nusu. Bakteria hawa wanapenda joto la nyuzi 35 hivi, na udongo ukipoa wanazembea. Kinachosaidia kidogo ni kuchanganya mavi mchana badala ya alfajiri, kwa maji yaliyokaa juani kwenye pipa jeusi, na kufunika juu ya mtambo kwa majani makavu. Kidogo, nimesema. Wauzaji walinionyesha hesabu ya mwaka mzima kama vile mwaka mzima ni Februari.

Kazi ya kila siku ni kuchanganya, na hii inataka mtu asiyeona kinyaa. Unaondoa majani na mawe, unakoroga mpaka tope lisiwe na madonge, unafungulia linaingia. Majani marefu ya mabingobingo yakipita yanaelea na kuganda juu kama blanketi, gesi inashindwa kupanda. Maji ya sabuni yasikaribie. Dawa ya kuoshea zizi isikaribie. Na ng'ombe akichomwa antibiotiki, mathalani kwa ugonjwa wa kiwele, mavi yake yatupwe pembeni mpaka dawa iishe mwilini. Hili hakuna aliyeniambia wakati wa kuuziana. Gesi ilishuka, tukakagua mabomba yote kwa povu la sabuni kutafuta panapovuja, hola, mpaka daktari wa mifugo mwenyewe akaniuliza mavi ya ng'ombe mgonjwa nayapeleka wapi.

Maji ni jambo la kufikiria kabla ya kitu kingine chochote ukishapima mavi. Lita 45 kila siku si mzaha kwa anayechota mtoni kwa kichwa. Sisi tuna bomba la kijiji na tanki la maji ya mvua, na mkojo wa ng'ombe nao tumeuelekeza kwenye chemba kwa mfereji wa sakafu, unapunguza maji ya kuongeza. Kwa sehemu kavu kuna muundo unaotumia maji kidogo, mavi mazito na mkojo. Fundi akisema haujui, tafuta mwingine.

Harufu: gesi ikivuja inanuka yai viza, na hiyo ni faida, unajua mapema. Ikiwaka hainuki. Ila kile kitu cha yai viza, hidrojeni salfaidi, kinakula vyuma. Koki ya kwanza ya shaba ilibadilika rangi ikaanza kukaza, na matundu ya jiko yakazibana. Tumeweka kichujio cha vumbi la chuma lenye kutu kwenye bomba, na nafungua mtego wa maji mara kwa mara, maana mvuke unageuka maji ndani ya bomba na mwali unaanza kucheza na kugugumia. Walioniuzia jiko, ambao si huyu fundi, waliahidi vipuri. Simu zangu wanapokea vizuri sana, kipuri hakijafika. Nilipata koki kwa fundi bomba wa mjini, inafanya kazi.

Sasa niseme kuhusu kile kinachotoka upande wa pili, kwa sababu hicho ndicho kingenifanya nijenge tena hata kama jiko lingekuwa na matatizo mara mbili. Tope likishameng'enywa linatoka jepesi, jeusi, halina harufu kali, nzi hawalijali. Naitrojeni iliyokuwa kwenye mavi bado imo, tena kwa hali ambayo mmea unaichukua haraka. Nikichimba mfereji kuzunguka mgomba, nikamwaga ndoo mbili na kufukia, baada ya wiki chache majani mapya yanatoka mapana na ya kijani iliyokolea. Lazima ufukie; ukiliacha juani amonia nyingi inapaa na unabaki na maji meusi. Migomba ya kihamba, yaani shamba letu la nyumbani, iliyokuwa inatoa mikungu ya kuonea aibu sasa natafuta miti ya kuiegemeza. Mabingobingo nayo nayakata mapema kuliko zamani, yanarudi kwa ng'ombe. Magugu yamepungua pia, mbegu nyingi zinafia mle ndani. Mwaka huu mbolea ya dukani nimenunua kidogo tu ya kupandia mahindi. Hakuna muuzaji hata mmoja aliyelizungumzia hili zaidi ya sentensi moja.

Wengi wanauliza choo. Inawezekana kukiunganisha na shule nyingi zimefanya, lakini sisi hatukuunganisha. Mtambo wa kawaida kama wetu hauna joto la kuua mayai ya minyoo yote, na mimi tope nalimwaga kwa mkono kwenye shamba wanakocheza watoto. Ukiunganisha, usilipeleke kwenye mchicha na kachumbari.

Gharama yote, pamoja na jiko, mabomba na ufundi, ilikaribia milioni tatu, na hapo shimo tulichimba wenyewe na mchanga ulikuwa wetu. Ni hela nyingi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka Watanzania asilimia 80 wawe wamehama kutoka kuni na mkaa ifikapo 2034, lakini huku kijijini kinachonadiwa ni mitungi tu, wakati mavi yamejaa kila zizi. Mkopo wetu tuliupata kwenye ushirika wa maziwa, wanakata kidogokidogo kwenye malipo ya maziwa, na hiyo ndiyo njia ninayomshauri mfugaji mwenzangu.

Mwenye ng'ombe wawili wa zizini na maji karibu, aite fundi. Mwenye mmoja, apime kwanza: akipata kilo 20 na kitu kwa siku, kuna mtambo wa mita 4, utampikia chai na mlo mmoja. Na kama ng'ombe wake wanashinda machungani wanarudi jioni, mavi yote yanabaki porini, kwa hiyo aanze na zizi.