Vikao vitatu kwa mshauri wa saikolojia, Nguba, Bukavu

Mimi ni fundi wa kushona huku Kadutu. Mwezi wa nne mteja alirudisha gauni mara ya tatu, eti mkono wa kushoto unambana, akasema nimezoea kuharibu vitenge vya watu. Nikashika mkasi, nikalipasua gauni toka shingoni hadi pindoni, yeye akiwa amesimama pale pale. Kitenge nililipa. Usingizi ndio haukuja, hadi dada yangu akanielekeza kwenye kituo hiki kidogo. Kikao ni dola 5.

Siku ya kwanza ni karatasi: maswali 20, kila moja na majibu manne, yote kwa Kifaransa. Mshauri alinisomea kwa Kiswahili, taratibu. Akanieleza kuwa kukurupuka si kitu kimoja. Mwaka 2001 watafiti wawili wa saikolojia huko Marekani, Whiteside na Lynam, waligawa kukurupuka pande nne: kutenda moyo ukichafuka, kutenda bila kufikiri kwanza, kuacha kazi njiani, na kutafuta msisimko. Baadaye ikaongezwa ya tano, kutenda furaha ikizidi.

Akaniuliza, "Mama, likelemba umewahi kukosa?" Miaka sita, sijakosa mchango huo wa zamu hata Jumamosi moja. Na vipimo vya wateja? Vyote viko daftarini. Basi alama zangu zilipanda upande mmoja tu, ule wa moyo kuchafuka. Nililia. Tangu utoto naambiwa sina akili.

Mama mkwe husema damu ya kwetu ni moto, na kweli baba alivunja redio mbili kwa hasira. Nilimuuliza mshauri kama kijana wangu wa miaka 9 apimwe damu. Akasema hakuna kipimo cha kunijibu hilo. Uchunguzi wa mapacha unaonyesha karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika kukurupuka inatokana na urithi, ila jeni ni nyingi mno, na kila moja inasukuma kidogo sana. Jioni ile nilimtazama mtoto kwa macho mengine.

Sasa mkasi una msumari wake nyuma ya mlango. Mteja akinichokoza, nautundika kwanza, ndipo namjibu. Juzi mkono ulitetemeka, lakini nilitundika.

Kasoro zipo. Kikao cha pili nilingoja saa mbili nzima. Na chumba cha mbele kimegawanywa kwa tripleksi, mbao nyembamba, nikasikia ndoa ya mtu mwingine yote. Ukienda, omba chumba cha nyuma, chenye ukuta wa matofali.