Saa 94 ndani ya Starfield: sayari elfu moja, njia hakuna

Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, inanihesabia saa 94 kwenye Starfield, gemu ya safari za anga. Naanza na namba hiyo ili asije mtu akaniambia sikuipa muda. Muda niliipa, hela niliipa, na diski mpya pia. Gemu inakula GB 125 na inadai diski ya kasi, SSD, kwa hiyo kabla hata ya kulipa zile dola 70 (zaidi ya shilingi 170,000 kwa Septemba 2023) nilikuwa nimeshaenda Kariakoo mara mbili. Mara ya kwanza duka moja liliniuzia diski ya TB 1 ambayo ukijaza robo tu inaanza kumeza ulivyoweka mwanzo. Feki. Mara ya pili nikaenda na jamaa anayejua kufungua na kukagua. Kisha kushusha, siku nne, usiku tu, kwa sababu mchana intaneti ya nyumbani ni ya familia nzima na mama hana habari na mambo ya anga za juu.

Kilichonisukuma ni gemu ya Skyrim. Nani asiyejua Skyrim? Ilitoka 11 Novemba 2011, mimi nikaikuta miaka kadhaa baadaye kwenye kompyuta ya kaka yangu, na tangu hapo gemu nyingine zote zimekuwa mke wa pili. Sasa watu walewale walioitengeneza, kampuni ya Bethesda, na mkurugenzi yuleyule Todd Howard, mwaka 2018 wakatangaza kwamba wanajenga ulimwengu mpya kabisa, wa kwanza kwao baada ya miaka 25. Wakapanga itoke 11 Novemba 2022, tarehe ya Skyrim hiyohiyo, wakaahirisha, ikatoka 6 Septemba 2023. Katikati hapo Microsoft wakainunua kampuni mama kwa dola bilioni 7.5. Na ahadi iliyotuchanganya wote: sayari zaidi ya 1,000, na nyingi kati yake unaweza kushuka popote unapotaka.

Sayari elfu. Skyrim nchi moja tu ilitosha kunifelisha mtihani, sembuse sayari elfu.

Ngoja nieleze Skyrim ilikuwa inafanyaje, maana ndipo penye kesi yangu. Unatoka pangoni mwanzo wa gemu, unaambiwa nenda kijiji cha Riverwood. Basi, unatembea. Hujafika, mwenzako anakuonyesha magofu kule juu ya mlima, ng'ambo ya mto. Unasema nitayapitia kesho. Huwezi. Unakunja kulia kidogo tu, unakuta mnara wenye majambazi, ndani kuna barua, barua inakupeleka kwenye pango, na ukija kushtuka ni saa nane usiku na Riverwood hujakanyaga. Umetumwa chumvi, umerudi na mbuzi, upanga na kesi ya mauaji. Njiani ndiko gemu ilikokuwa inaishi. Kule ulikotumwa palikuwa kisingizio tu.

Starfield inaanza vizuri, tusiionee. Uko mgodini kwenye mwezi uitwao Vectera, unagusa kipande cha chuma cha ajabu, unaona maono, na nusu saa haijaisha umeshakabidhiwa chombo chako cha angani. Ukifika mji wa New Atlantis unabaki mdomo wazi. Steam wanakubali kurudisha hela kama hujazidisha saa mbili za kucheza. Mimi saa mbili zilinikuta bado natalii mjini nakodolea macho maghorofa. Saa ya ishirini ndipo nilipoanza kuhisi kuna kitu kinanikwaruza na sikijui jina.

Nikaja kukijua siku moja natoka New Atlantis kwenda Akila, mji wa wachunga ng'ombe ulio kwenye mfumo mwingine wa nyota. Niliamua nifanye kila hatua kama rubani wa kweli. Nikapanda chombo: skrini nyeusi. Nikakaa kitini, nikawasha, kikaruka, video fupi, nikajikuta juu ya sayari. Nikafungua ramani, nikachagua nyota, nikashikilia kitufe, taa zikanyooka mbele ya kioo, skrini tena. Nikachagua pa kutua, video nyingine. Nikatoka mlangoni, niko Akila. Nikajiuliza nimepita wapi? Hakuna. Baadaye nikagundua hata hayo ya kitini si lazima. Mahali ulipowahi kufika unafungua ramani ukiwa umesimama barabarani, unabonyeza, umefika. Toka siku hiyo kile kiti cha rubani nilichokipenda sana nikawa nakikalia tu pale misheni inaponilazimisha.

Sisi chombo ni neno la zamani. Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia wa majahazi kati ya Kilwa na Unguja, akipanda na kusi na kushuka na kaskazi, na sijawahi kumsikia akisimulia habari za kufika. Alisimulia tanga lililopasuka, upepo uliokufa wakakaa siku mbili wanatazamana, nahodha aliyekataa kuingia mkondoni usiku. Starfield imenipa bandari peke yake, nyingi, nyingine nzuri sana, lakini bahari imeondolewa.

Na kilichoniuma zaidi ni kujua kwamba waliwahi kuwa nayo. Kabla gemu haijatoka Howard alieleza kwenye mahojiano kwamba mwanzoni mafuta ya chombo yalikuwa yanaisha kweli, unakwama huko mbali hadi utafute njia ya kujinasua. Wakaona inaharibu raha, wakaondoa. Gemu iliyotoka, mafuta yanapima tu umbali wa mruko mmoja. Ukishafika yanajaa yenyewe. Naelewa kwa nini. Mtu anayejaribu gemu wakati wa matengenezo akikwama saa nzima atalalamika, na mwenye gemu ataondoa kinacholalamikiwa. Ukiondoa hiki, kesho kile, mwisho hakuna kinachokera wala kinachokumbukwa.

Sasa tushuke kwenye sayari. Unachagua sehemu yoyote, kompyuta inakufinyangia ardhi papo hapo: mawe, mchanga, pengine miti na wanyama. Kwa mbali kuna alama mbili tatu. Unakimbia. Gemu ilipotoka hapakuwa na gari, ni miguu tu, pumzi inakata, unapumzika, unakimbia. Unafika, ni jengo lililotelekezwa lenye maharamia ndani. Unapigana, unasoma barua za waliokuwa wanafanya kazi humo, unaelewa kilichowapata, unasikitika kidogo. Safi kabisa! Mara ya kwanza.

Mara ya tatu, sayari nyingine, nyota nyingine, nikaingia kwenye maabara ya ubaridi na miguu yangu ikawa inajua njia. Ngazi kushoto. Mlango wenye barafu. Maiti ileile, imelala vilevile. Nikaokota kibao cha maandishi kilekile, kimeandikwa mambo yaleyale, na mtu niliyemsikitikia wiki iliyopita amekufa upya umbali wa miaka ya nuru kadhaa. Nilicheka peke yangu chumbani. Lakini baada ya hapo kila alama niliyoiona kwa mbali niliitazama kama mtu anayeitwa jina na mdai.

Hapo ndipo hesabu ya sayari elfu inapogeuka mzigo. Majengo yaliyotengenezwa kwa mikono ya watu yana idadi yake. Yatawanye kwenye nchi moja, utaona nchi imejaa. Yatawanye kwenye sayari elfu, huna budi kuyarudiarudia, na bado kila sayari itaonekana haina mtu. Ni sukari ya kikombe kimoja kwenye pipa la maji.

Mwisho wa 2023 malalamiko yalipozidi, na maoni mapya kule Steam yakashuka hadi kuitwa hasi kwa sehemu kubwa, Bethesda walikuwa wanajibu wachezaji mmojammoja. Jibu mojawapo lilikuwa kwamba wanaanga walipofika mwezini hawakukuta kitu na hakika hawakuchoshwa. Nimelifikiria sana jibu hilo, kwa sababu ni zuri na ni la uongo kwa pamoja. Armstrong na wenzake waliondoka duniani 16 Julai 1969 wakatua siku ya 20. Siku nne ndani ya kopo. Kwenye kutua, kompyuta inapiga kengele, mbele kuna mawe, Armstrong anashika usukani mwenyewe huku mafuta yanahesabiwa kwa sekunde. Mtu wa namna hiyo akifungua mlango akakuta vumbi tupu, vumbi lile ni dhahabu. Mimi nimebonyeza vitufe viwili halafu mnaniambia nishangae vumbi?

Watu wengi wakisikia gemu imewaangusha wachezaji wanadhani ni hitilafu: gemu kuganda, watu kupita ndani ya kuta. Kwangu hakuna cha maana kilichoharibika. Ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia kwa kadi yangu ya zamani ya michoro. Hitilafu hurekebishwa, hii ilikuwa inafanya kazi kama ilivyokusudiwa.

Na kuna mazuri. Misheni za jeshi la UC Vanguard, zile za madude yaitwayo terrormorph, ni hadithi ya kukesha, na ukizichunguza utakuta zote ziko sehemu zilizotengenezwa kwa mikono. Kuunda chombo ndiyo raha kuu. Wiki nzima sikufanya misheni hata moja, nabandika injini, nabadili mabawa, napaka rangi. Changu nilikipa umbo la basi, mstari wa buluu ubavuni, nikakiita Mwendokasi. Ndani nikapanga vikombe sita vya kahawa mezani, kimojakimoja, maana humu kila kitu unaweza kukishika na kukiweka unapotaka. Kisha nikabadilisha injini moja. Kurudi ndani, meza tupu. Gemu ukigusa muundo wa chombo inakusanya vitu vyako vyote ulivyopanga na kuvitupa stoo. Nilipanga mara ya pili. Ya tatu nikaacha.

Mahekalu, yale ya kupatia nguvu za ajabu, sitayasemea sana. Yako 24, ndani unaelea ukifukuza vimulimuli mpaka pete ifunguke, na kila moja ni vilevile. Anayetaka nguvu zote zifike daraja la mwisho, la kumi, arudie mara 240. Shikamoo zake.

Agosti 2024 walileta gari, REV-8. Niliishusha gemu upya kwa ajili yake, na ni gari tamu kweli, inaruka mabonde kama mbuzi. Ila ilichofanya ni kufupisha safari ya kwenda jengo lilelile. Mwezi uliofuata, tarehe 30 Septemba, ikatoka nyongeza ya Shattered Space, na safari hii wakajenga sehemu moja kubwa kwa mikono, ya kutembea. Sijainunua. Ila nilipoona hivyo nilijua na wao wameshaelewa.

Kabla ya kuifuta nilifanya jambo ambalo nilikuwa nalikwepa. Nilikwenda Dunia. Ndani ya gemu Dunia imekufa, imepoteza usumaku wake na hewa ikapeperuka; yamebaki mapiramidi ya Misri na majengo machache mashuhuri, kwingine kote mchanga. Nikakisia kwenye ramani ilipokuwa pwani yetu, nikatua. Nikatembea dakika ishirini kuelekea mashariki, bila gari, kwa makusudi. Mchanga, sauti ya pumzi yangu. Bila alama, bila maharamia, bila barua. Ajabu ni kwamba hizo ndizo dakika ishirini ninazozikumbuka vizuri kuliko saa zote 94, na sidhani kama aliyeitengeneza gemu alizipanga.

Kama unauliza ununue: kwa dola 70, hapana. Subiri ishuke bei hadi nusu au chini yake, cheza UC Vanguard, unda vyombo, usiende kutafuta mshangao kwenye sayari za pembeni. Nyota tatu kati ya tano, na ya tatu ni ya Mwendokasi, ambayo nimeiacha imeegeshwa Akila na vikombe vyake sita viko stoo.