Uzoefu wangu na BirdLasser: hata ndege wa shambani kwenu wanahitajika

Kama uko Kenya, unapenda kuangalia ndege na bado unaandika kwenye daftari halafu daftari linalala kabatini, weka hii apu ya BirdLasser leo leo. Ni ya bure, imetengenezwa Afrika Kusini, na ukishajiunga na Kenya Bird Map orodha zako zinaingia kwenye ramani ya ndege ya nchi nzima. Mimi niko pande za Malindi na kwa kweli siachani nayo.

Iko hivi, nchi imekatwa miraba ya karibu kilomita 9 kwa 9, wenyewe wanaiita pentadi. GPS inajua uko mraba gani hata netiwaki ikikataa, ukimwona ndege unaandika herufi chache za jina lake anatokea, unamgusa, basi. Orodha kamili inataka si chini ya masaa mawili na ujaribu kupita kila mahali, kama kuna shamba, kichaka, bwawa, kote, na unaweza kuendelea kuiongezea mpaka siku 5. Wanafuatana vile ulivyowaona, kuhesabu wako wangapi si lazima, na hapo ndipo iliponifurahisha manake pale hori ya Mida maji yakikupwa vitwitwi wanatapakaa kwenye matope mpaka hujui uanzie wapi.

Sasa jambo ninalotaka watu walielewe. Tukipata nafasi sote tunakimbilia msitu wa Arabuko-Sokoke ama mlango wa mto Sabaki, na si vibaya, mimi mwenyewe katikati ya mwaka lazima niende Sabaki kuwaangalia wale ndege wanaoitwa pratincole wanaotoka Madagascar. Lakini huko watu wa kuandika ndege hawakosi. Mraba wenye mahindi, minazi na kisima cha ng'ombe ndio hauna mtu, na huko ndiko wako kwera, keremkerem na yangeyange ambao hakuna anayewaandika kwa sababu eti ni wa kawaida! Atlasi ya zamani ya ndege wa Kenya, yaani kitabu cha ramani za wanakopatikana, ilitoka 1989, sasa tutajuaje nani amepungua tangu enzi hizo kama hatuandiki? Orodha kamili isiyo na tumbusi hata mmoja nayo ni habari, tena habari nzito. Na msidharau wenyeji, kiota cha kwera wa Clarke, aina adimu ya kwera, kilikuwa hakijulikani kabisa mpaka 2013 alipokutwa anazaa huko msitu wa Dakatcha, na watu wa huko huko walikuwemo kwenye kumtafuta.

Ukiweka ndege asiyetarajiwa kwenye mraba huo unaombwa maelezo, ulimwonaje, mbali kiasi gani, una picha? Kuna wanaokasirika, wanaona kama wameitwa waongo, mimi naona ndio inafanya data iaminike.

Kushirikiana na wenzangu ndio raha yenyewe. Tuna grupu letu la WhatsApp, mtu akirusha picha ya ndege wa matopeni mwenye miguu mirefu wazee wanauliza mdomo kwanza: ukiwa mwembamba na umenyooka kama sindano huyo ni Marsh Sandpiper, ukiwa mnene na umepinda kidogo kwenda juu ni Greenshank. Nimejifunza mengi humo kuliko kwenye kitabu. Sheria ni moja tu, mti anaolala bundi wa Sokoke, yule bundi mdogo adimu, hautajwi, manake kesho utakuta watu wamejaa chini yake na tochi na spika za kumwita.

Kwa anayeanza, majina ya Kiingereza yatakusumbua mwanzoni, tembea na mtu anayewajua. Beba pawabanki, GPS inakula chaji. Na ukirudi penye netiwaki itume orodha yako siku hiyo hiyo, isipotumwa inabaki kwenye simu yako tu na ramani haina habari nayo.