Sambusa za kaa za Dabaso: mkahawa wa wenyeji wa Mida

Katika mikahawa mingi ya ufukweni baina ya Mombasa na Malindi, mgeni hula samaki aliyevuliwa na mvuvi wa kijijini, lakini faida ya sahani ile humwendea mtu anayekuja huko kukagua hesabu tu. Crab Shack ya Dabaso, iliyo kando ya Hori ya Mida karibu na Watamu, Kaunti ya Kilifi, imejengwa juu ya msingi mwingine. Inaendeshwa na kikundi cha wakaazi wenyewe, Dabaso Creek Conservation Group, ambacho pia hupanda na kutunza mikoko na kufuga kaa katika hori hiyo hiyo.

Nianze na chakula, kwa sababu nia njema ya wenye mkahawa haimshibishi mtu. Sambusa za kaa ndizo zilizoipatia Dabaso jina, na zinastahili sifa hiyo. Manda ni membamba na hukatika kwa mlio, na ndani mna nyama ya kaa yenye utamu wake wa asili, ambao viungo havijaufunika. Kaa mzima naye ni mzuri, ila humtaka mlaji awe na subira, vidole visivyoogopa kuchafuka na mfuko uliojiandaa. Mimi ningeagiza sambusa kwanza na kumwacha kaa mzima kwa siku ya kundi kubwa.

Nina sababu ya pili ya kuzipendelea sambusa, nayo si ya ulimi. Kaa mkubwa akiuzwa kwa kilo kwa mchuuzi wa hoteli, huondoka kijijini akiwa mzima, na thamani inayoongezeka baadaye huongezeka jikoni kwa watu wengine. Nyama yake ikichambuliwa, ikaungwa, ikafungwa katika manda na kukaangwa pale pale, kila hatua huwa ni kazi ya mtu wa hapo, na kaa mmoja huwalisha walaji kadhaa. Kwa uchumi wa kijiji, sambusa hiyo ndogo ina akili zaidi kuliko sinia la fahari.

Mahali penyewe huufanya mpango huu ueleweke bila maelezo mengi. Njia ya mbao hupita juu ya matope katikati ya mikoko na kukufikisha kwenye jumba la makuti lililosimama juu ya nguzo, na maji yakijaa hupita chini ya miguu ya walaji. Kaa wa matope huishi na kukulia humo humo mikokoni. Ufugaji wa kaa katika pwani yetu kwa sehemu kubwa hutegemea kaa wachanga wanaokamatwa porini, kisha wakawekwa vizimbani na kulishwa mpaka wafikie ukubwa wa kuuzika. Kwa hiyo mkoko ukikatwa kwa boriti au kuni, kizimba hakina cha kujazwa, na jiko halina cha kupika. Kupanda miche matopeni, kazi ambayo watu wengine wangeiona ya hisani, hapa ni sawa na mwenye duka kuagiza mali.

Hori ya Mida imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968, na eneo la Malindi na Watamu likatambuliwa na UNESCO mwaka 1979 kuwa hifadhi ya mazingira ya binadamu na viumbe. Hadhi hizo ni kubwa, lakini hifadhi isiyompa jirani riziki hubaki kuwa orodha ya makatazo. Eneo hili limelielewa jambo hilo mapema: tangu mwaka 1993, mradi wa Kipepeo ulio Gede umekuwa ukinunua kutoka kwa wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke vifukofuko vya vipepeo (pupa) na kuviuza ng'ambo. Kule Gazi, Kwale, wakaazi wa mradi wa Mikoko Pamoja hulipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao. Kati ya njia hizi, ya Dabaso ndiyo ninayoiona nyepesi kueleweka kwa mtu wa kawaida, kwa kuwa mteja huila bidhaa akiutazama mti ulioizaa.

Udhaifu wa mpango wa namna hii ni kuutegemea mno utalii. Msimu wa mvua za masika Watamu hupoa, na mwaka 2020, ndege zilipositishwa, pwani nzima iliona jinsi meza zinavyoweza kubaki tupu. Ndiyo maana naona wateja wa Kilifi, Malindi na Mombasa wana uzito kuliko watalii wa Ulaya: hao huweza kuja hata mwezi wa Mei.

Kufika si kazi ngumu. Anayetoka Mombasa hupanda matatu ya Malindi, akashuka Gede, kisha akachukua tuktuk au bodaboda ya njia ya Watamu hadi Dabaso. Nendeni alasiri maji yakiwa yanajaa, ulizeni kuhusu mtumbwi wa kuzunguka mikokoni kabla ya chakula, na agizeni sambusa mapema, kwa kuwa jua likikaribia kutua kila mtu huzitaka kwa wakati mmoja.