Ludo ya sumaku safari ya Dar–Iringa: inafaa, ila si barabara nzima

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya dadu, nitaeleza.

Ni kibao cha kukunja, ukubwa wa daftari la shule, upande mmoja ludo na upande wa pili drafti. Ndani kina bati, na kila kete ina sumaku chini. Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 18,000 baada ya kutajiwa 25,000. Nilichotaka ni simu yangu ikae kwenye mkoba kutoka Dar hadi kwa bibi wa wanangu Iringa. Ni karibu kilomita 500, na kwa malori na vibao vya mwendo wa 50 kila kijiji, hiyo ni safari ya kutwa.

Kibaha mpaka Chalinze ndipo ilipojilipa. Foleni ile mnaijua: gari linasogea, linasimama, linasogea. Ludo ya kawaida ikikutana na tuta moja tu mchezo umekwisha na kesi imeanza, kila mtu anadai kete yake ilikuwa imebakiza hatua mbili kufika nyumbani. Hii, baba yao alifunga breki za ghafla kwa ajili ya bodaboda na hakuna kete iliyosogea. Mchezo unaachwa katikati mkishuka kula, mnarudi mnaukuta vilevile. Kwa watoto wawili waliokwisha anza shule, hapo hela yangu ilirudi.

Sasa dadu. Kete zote zina sumaku, dadu haina! Ni kidude cha plastiki kidogo kama punje ya hindi, kinarukia chini ya kiti cha dereva, na mtoto aliyefungwa mkanda hawezi kukifikia, kwa hiyo anaanza kuufungua. Sikubali mtu afungue mkanda kwa ajili ya ludo. Dawa yake ni kikopo cha plastiki kinachoonyesha ndani, chenye kifuniko. Tia dadu, funga, tikisa, soma. Haitoki tena. Mtengenezaji angeongeza kikopo kwenye boksi asingefilisika.

Baada ya Morogoro tuliweka kibao pembeni kidogo, wakahesabu malori ya nje kwa namba zake: Zambia, Kongo, Malawi. Halafu Mikumi. Hapo hata usihangaike na ludo. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50, mwisho wa mwendo mchana ni 70, na kuna vibao vinavyoonyesha faini ya kugonga kila mnyama. Mtoto wangu mkubwa alivisoma akapendekeza pointi zifuate faini: mnyama wa bei kubwa, pointi nyingi. Swala wakashushwa thamani mapema maana walikuwa kila mahali. Twiga mmoja kando ya lami alizua mabishano mazito kuhusu nani alimwona kwanza, na mwamuzi nilikuwa mimi, kwa bahati mbaya.

Kuanzia Mikumi mjini kuelekea Ruaha Mbuyuni kona zinaanza, na mbele yako kuna mlima wa Kitonga. Huku kibao kikae kwenye begi, nasema kwa msisitizo. Mtoto akiinamia mchezo, macho yanamwambia ametulia huku sikio la ndani linasikia gari likikata kona. Ubongo unachanganyikiwa, na tumbo ndilo linalotoa jibu. Mdogo wa hawa wawili alianza kupauka kando ya mto, kabla hata hatujapanda. Tulisimama Mbuyuni tukanunua vitunguu, akapata hewa, akarudi garini kwa sharti la kutazama mbele tu.

Kupanda Kitonga nyuma ya lori lililojaza mzigo ni mwendo wa kinyonga, basi tukatega vitendawili. Havihitaji macho wala mikono, na hata dereva anacheza. Kwetu anayeshindwa lazima atoe mji ulioko mbele yetu, si nyuma.

"Popoo mbili zavuka mto!"

"Nakupa Mafinga."

"Sitaki Mafinga, hatufiki huko. Nipe Ilula."

Mtegaji kapewa Ilula, ndipo akasema jibu: macho. Tulipoipita Ilula yenyewe na nyanya zake barabarani, akadai tupunguze mwendo tuuangalie mji wake.

Onyo kwa mwenye mtoto mdogo anayetia kila kitu mdomoni: usinunue hii. Sumaku mbili zikimezwa zinaweza kuvutana ndani zikabana utumbo, na hilo ni jambo la kukimbizana hospitali. Kete zangu zimegundishwa vizuri, lakini sitazamii gundi ilinde mtoto. Kwa umri huo tafuta kile kitabu cha kupaka maji kwa kalamu, rangi zinatokea, ukurasa ukikauka anaanza upya. Usitarajie kimshike muda mrefu.

Ukienda dukani, panga kete, kisha geuza kibao juu chini na ukitikise mbele ya muuzaji. Zikidondoka, rudisha. Halafu hesabu kabla hujalipa: 16 za ludo, 24 za drafti. Yangu ilikuja na nyekundu tatu, kwa hiyo mwenye nyekundu anamalizia na kete moja ya drafti, na kila mara analalamika kwamba ndiyo inayoliwa kwanza.