Wakala aliyetupangia siku 4 za Florence: nilichopenda na kilichoniudhi

Nimerudi Iringa wiki ya pili sasa na bado watu wananisimamisha njiani, ile safari ya Italia mlipangaje, nani kawasaidia, kiasi gani, kwa hiyo naandika hapa mara moja wote msome. Ofisi yenyewe ni ndogo tu iko hapa hapa mjini. Jina silitaji maana kuna kosa moja kubwa ntalisema na sitaki kuwaharibia riziki yao. Nimelipa kwa hela yangu laki tatu na nusu kwa watu wawili, hiyo ni ada ya kupanga tu, ndege, hoteli na viza unalipa mwenyewe pembeni.

Safari ilikuwa ya mama. Alipokuwa binti alifanya kazi jikoni kwa masista wa Consolata kule Tosamaganga, masista Waitaliano, na pale jikoni kulikuwa na kalenda ina picha ya kanisa lenye kuba jekundu limeinuka juu ya nyumba zote za mji. Sista mmoja akamwambia hapo ni Firenze, ndo hiyo hiyo Florence. Miaka 40 na kitu mama hajaisahau ile picha. Na mimi kazi yangu ni ujenzi, kwa hiyo nilikuwa na hamu yangu pia na kuba hilo.

Kilichonifanya niwaamini ni kwamba siku ya kwanza walinikatalia. Nilienda na wazo la Roma, Florence, Venice na Milan kwa siku 6, yule dada akamwamkia mama shikamoo, akatukalisha, afu akaniambia kaka hapo siku tatu nzima zitaishia kwenye treni na mabegi, mama atachoka bure, chagua mji mmoja muujue vizuri. Angeweza kuniuzia miji yote minne na ningelipa. Tena mimi nilishajiwekea Jumatatu tuanze na Uffizi, akasema Uffizi, ile makumbusho ya michoro, Jumatatu hawafungui, na makumbusho ya Accademia iliko sanamu ya Daudi nayo hivyo hivyo, akazisogeza Jumanne na Jumatano na akakata tiketi zenye saa yake kabisa. Nyie, Julai ile foleni ya wasio na tiketi pale Accademia ni ya kumhurumia mtu, juani, simu yangu ilionyesha nyuzi 37 na sisi tumetoka Iringa Julai hii na masweta na upepo wetu.

Viza walielekeza vizuri. Ni Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na unaweza kuomba mapema mpaka miezi 6 kabla, msisubiri dakika za mwisho. Alama za vidole lazima muende wenyewe Dar, kwa hiyo tulishuka na basi Kitonga mama analalamika magoti. Hayo magoti yakumbukeni.

Ndege ilikuwa Dar, Addis, Roma, kutoka uwanja wa Fiumicino kuna treni inafika Termini, stesheni kuu ya Roma, nusu saa hivi, halafu treni ya kasi mpaka Florence saa moja na nusu, raha tupu.

Sasa kosa. Walitukatia tiketi ya kupanda kuba, watu wawili, euro 30 kila mmoja. Kuba lile lina ngazi 463 na lifti hakuna. Hakuna! Mama ana miaka 66, walimwona kwa macho yao amekaa kwenye kiti ofisini, pasipoti yake walikuwa nayo mkononi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mama unaweza kupanda ngazi? Tumefika mlangoni ndo naona tangazo, na saa ya kupanda ukishaichagua haibadiliki. Mama akasema nenda mwanangu utanisimulia. Iliniuma sana, mtu kasubiri miaka yote ile afu anabaki chini.

Nilipanda. Ngazi zinapita katikati ya makuba mawili, maana liko moja ndani ya lingine, nyembamba mnapishana kwa ubavu, na ukuta uko pale unaugusa. Mafundi wenzangu, Brunelleschi, ndo aliyelijenga kuba hilo, alianza 1420 akafunga 1436, upana ni kama mita 45, matofali zaidi ya milioni 4, na hakuweka mirunda kutoka chini! Siri ipo kwenye upangaji, katikati ya matofali yaliyolala kuna mengine kayasimamisha wima, kozi kwa kozi yanapanda kwa mzunguko kama mifupa ya samaki, kwa hiyo yale ya wima yanayabana ya kulala yasiteleze kabla mota ya kuyaunganisha haijashika. Sisi huku tunachoma matofali kila kiangazi na sijawahi kufikiria tofali linaweza kufanya kazi hiyo. Nilisimama mpaka mlinzi akaniambia sogea.

Kilichookoa siku ni kwamba ile tiketi inaingia pia makumbusho ya kanisa yaliyoko nyuma, na huko lifti ipo, kuna mifano ya mbao ya kuba na ile milango ya shaba ya mchongaji Ghiberti yenyewe halisi. Mama alikaa mbele ya ile milango karibu saa nzima. Kumbe angepelekwa huko toka mwanzo na mimi nipande peke yangu, tungeokoa hela.

Vingine kwa haraka. Ndani ya kanisa mabega na magoti yafunikwe, bebeni khanga, mama alikuwa na zake mbili na moja akampa msichana wa watu aliyekuwa anarudishwa mlangoni. Ponte Vecchio ni daraja la mwaka 1345, leo ni maduka ya dhahabu lakini zamani walikuwa wachinjaji mpaka walipoondolewa 1593. Daudi ana mita 5 na zaidi, mama alimzunguka mara tatu bila kusema neno. Kilimani Piazzale Michelangelo walitupangia saa nane mchana, tukakataa wenyewe tukaenda jioni, jua linazama karibu saa tatu usiku, kuba lote lilikuwa jekundu kama lile la kalenda. Chakula, tafuteni vigari vinavyouza lampredotto, ni tumbo la ng'ombe limechemshwa wanaliweka kwenye mkate, bei nafuu na mama alikula siku zote nne. Kahawa nyweni mmesimama kaunta, mkikaa mezani mara nyingi bei inapanda.

Nikiwapa nyota ni 4 kwa 5. Nilirudi ofisini nikawaambia habari ya ngazi uso kwa uso, yule dada hakujitetea, alimwomba mama msamaha na sasa kwenye fomu yao ameongeza swali la miguu na ngazi. Mwakani mama anataka Torino alikoanzia Padre Allamano, mwanzilishi wa Consolata, na tumeshawaachia kazi hiyo wao wao.