Trailer Village au Mather: ulale wapi Grand Canyon?

Ukifika ukingo wa kusini wa Grand Canyon, korongo kubwa lililo hifadhi ya taifa huko Arizona, Marekani, na gari la kulala au trela, kambi mbili za humo hifadhini, Trailer Village na Mather, ziko jirani kabisa, lakini usiku wake haufanani.

Trailer Village ndiyo pekee yenye kila kitu pale unapoegesha: umeme wa ampea 30 au 50, bomba la maji na shimo la majitaka. Inapokea magari hadi futi 50, na sehemu nyingi unaingia mbele na kutokea mbele, bila kurudi kinyumenyume. Ila magari yamebanana, na ukitoka nje unatazamana na dirisha la jirani.

Mather haina umeme wala bomba kwenye sehemu yako, na gari lisizidi futi 30. Majitaka unayapeleka kituo cha kumwagia, jenereta huwashwa kwa saa maalumu tu, na kuoga ni kwa kulipia. Hata hivyo naipenda zaidi, tena sana. Misonobari inakupa kivuli na faragha, usiku ni kimya, na bei ni nafuu.

Kote kuwili basi za bure za hifadhi zinapita. Ukingo uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku una baridi hata Juni. Mwenye watoto wachanga au mashine ya kupumulia achague Trailer Village bila kusita. Wengine, Mather, na waweke nafasi miezi kadhaa kabla.